Kuchora Mlima Kilimanjaro Ukiwa Moshi: Mwongozo Kamili kwa Watoto na Wanaoanza

Mwambie mtoto wa darasa la pili achore mlima. Kabla hujamaliza kusema, pembetatu mbili zimeshasimama kwenye karatasi, jua limechomoza katikati yake na miale kama miiba ya nungunungu, mto unashuka kama ulimi, na angani wanapita ndege wawili wenye umbo la herufi V. Watoto wa Mtwara huchora hivyo, wa Mwanza huchora hivyo, na kinachonisikitisha zaidi ni kwamba hata wa Moshi huchora hivyohivyo, ilhali wakitoka nje asubuhi Kilimanjaro uko mbele ya macho yao.

Siku za Jumamosi huwa nafundisha watoto wa mtaani kwetu kuchora, hapo kibarazani. Siku moja mtoto wa miaka saba aliinua kichwa, akautazama mlima, akautazama mchoro wake, akautazama tena mlima. Akaniuliza: "Mwalimu, mbona ule wenyewe haujachongoka?" Sikumjibu, nilimpa karatasi nyingine. Alikuwa ameona jambo ambalo watu wazima wengi huishi nalo miaka yote bila kuliona: Kilimanjaro haujasimama, umelala. Ni mpana kuliko ulivyo mrefu, na anayetaka kuuchora sharti akubali kwanza kwamba umbo lililo kichwani mwake silo.

Nitaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kuuchora unavyoonekana kutoka Moshi, yaani kutoka kusini. Nimeuchagua huu kwa sababu ndio ninaoufahamu, na kwa sababu ukiuweza huu utauweza Meru, Uluguru au Usambara kwa njia ileile ya kutazama na kupima.

Anza kwa macho, penseli itasubiri

Kama uko Moshi au vijiji vya jirani, toka nje mapema, kati ya saa 12 na nusu na saa 2 asubuhi. Ikifika saa 4 mara nyingi mawingu yameshapanda na kuuvika mlima shuka, na huenda usiuone tena mpaka jioni. Kama unaishi mbali, tafuta picha nzuri, ila hakikisha imepigwa kutoka kusini. Picha nyingi za kalenda, zile zenye tembo mbele, hupigwa Amboseli, upande wa Kenya. Anayetazama kutoka kule anauona mlima kinyume na tunavyouona sisi: kwake Mawenzi iko kushoto na Kibo kulia. Ukichanganya picha ya kule na maelezo ya hapa utachanganyikiwa.

Kilimanjaro una vilele vitatu vya volkano. Shira iko magharibi na ina karibu mita 4,000. Kibo iko katikati, na juu yake ndipo penye Uhuru, mita 5,895. Mawenzi iko mashariki, mita 5,149. Ukisimama Moshi ukiuelekea mlima, mashariki ni mkono wako wa kulia. Kwa hiyo kutoka kushoto kwenda kulia ni Shira, Kibo, Mawenzi. Mfundishe mtoto majina hayo kwa mpangilio huo kabla hajashika chochote. Akiyajua majina hataviona vilele kama vitu vitatu vinavyofanana.

Sasa zoezi la kidole. Funga jicho moja, nyoosha mkono wako wote, kisha fuata ukingo wa juu wa mlima kwa ncha ya kidole, kutoka kushoto hadi kulia, polepole kabisa. Kidole kikipanda sema "panda", kikienda sawa sema "tambaa", kikishuka sema "shuka". Watoto hulipenda sana, na wakiwa kumi utafikiri ni wimbo. Rudieni mara tatu. Kila mmoja atagundua mwenyewe kwamba neno linalotajwa kwa muda mrefu zaidi ni "tambaa". Kidole kinapanda kidogo, kinasafiri sana.

Sababu ni hesabu tu. Mji wa Moshi uko kwenye mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kilele cha Kibo kinatuzidi kwa kilomita 5 hivi. Lakini kutoka Kibo hadi Mawenzi ni kama kilomita 11. Umbali kati ya vilele viwili ni zaidi ya mara mbili ya kimo cha mlima wote unaouona. Pembetatu ya daftarini haiwezi kubeba umbo la namna hiyo.

Vifaa

Usinunue vitu vingi. Karatasi nyeupe ya A4, penseli ya HB kwa kupanga na ya 2B kwa vivuli, kichongeo, rula, raba laini, na pakiti ya penseli za rangi 12. Ile raba ngumu iliyobandikwa nyuma ya penseli iache. Inakwangua karatasi, na ukipaka rangi baadaye pale palipokwanguliwa pataonekana kama kovu. Rangi nyeupe hutaihitaji, maana weupe wote wa mchoro huu utatoka kwenye karatasi yenyewe, na hilo ndilo litakalohitaji uangalifu wako mkubwa.

Namna ya kushika penseli ina uzito kuliko bei yake. Kwa kuandika tunaishika karibu na ncha. Kwa kuchora mistari mirefu, rudisha vidole nyuma mpaka katikati ya penseli, na mkono utembee kutoka begani. Mstari utakuwa mwepesi, na mwepesi ndio unaofutika.

Kupima na kuweka nukta

Laza karatasi kwa upana wake, sentimita 29.7 kwa 21. Kutoka ukingo wa chini pima sentimita 9, weka alama kushoto na kulia, halafu unganisha kwa mstari hafifu, wa kuonekana kwa wewe tu. Huo ni mguu wa mlima. Chini yake ni bonde na mashamba, juu yake ni mlima na anga.

Weka nukta ya Kibo: sentimita 10 kutoka ukingo wa kushoto, sentimita 15 kutoka chini. Weka nukta ya Mawenzi: sentimita 22 kutoka kushoto, 14 kutoka chini.

Hapa nakuomba usimame kidogo utazame nukta hizo, kwa sababu sikuzibuni. Kutoka mguu wa mlima hadi nukta ya Kibo ni sentimita 6, zinazosimama badala ya kilomita 5. Kati ya nukta mbili ni sentimita 12, ambazo kwa kipimo hichohicho ni kilomita 10, karibu sawa na umbali wa kweli. Mawenzi imepungua sentimita moja kwa Kibo, nayo kwa kweli imepungua mita 746. Mchoro wako utakuwa na uwiano wa mlima wenyewe, na mtu aliyekulia Moshi akiuona atautambua kabla hujapaka rangi.

Kibo, kilele kisicho na ncha

Kosa la kwanza la kila anayeanza ni kuichonga Kibo. Juu ya Kibo kuna kreta, shimo la volkano lenye upana wa zaidi ya kilomita 2, kwa hiyo hakuna ncha ya kuchora. Anza sentimita moja na nusu kushoto kwa nukta yako, malizia sentimita moja na nusu kulia kwake, na uchore mstari unaobinuka kidogo tu, kama chungu kilichofunikwa kifudifudi. Upana wake wote ni sentimita 3.

Kutoka mwisho wa kushoto wa chungu hicho, shuka taratibu mpaka ufike sentimita 12 na nusu kutoka chini ya karatasi, ukiwa umebakiza sentimita 3 kufika ukingo. Hapo mstari unyooke, utambae mpaka utoke nje ya karatasi. Hilo ni bega la Shira. Watoto wengi hawaridhiki nalo. Wanataka mlima umalizike ndani ya karatasi, ushuke mpaka chini kama hema. Waache waulize, kisha waambie wanyooshe tena kidole nje na wakutafutie mahali Kilimanjaro unapoishia upande wa Shira.

Kutoka mwisho wa kulia wa Kibo, shuka mpaka sentimita 13 kutoka chini, ukiwa umefika sentimita 17 kutoka kushoto. Nenda tambarare kwa sentimita mbili na nusu. Huo ni uwanda mkavu ulio kati ya vilele viwili, na wapandaji wengi huuvuka kwa miguu wakielekea Kibo.

Mawenzi

Wazee wa Kichaga husimulia kwamba Mawenzi alikuwa akienda kwa Kibo kuomba moto, na moto ukazimika, akarudi kuomba tena, na tena, mpaka Kibo akachoka akamtwanga kwa mchi. Ndiyo maana Mawenzi amevunjikavunjika. Wasimulie watoto hadithi hiyo hapo hapo, penseli ikiwa mkononi, kwa sababu mkono unajua jinsi ya kuchora kitu kilichopigwa.

Badilisha mwendo. Kwa Kibo ulikuwa ukiteleza, sasa nenda kwa mikato mifupi. Panda nusu sentimita, kata, rudi chini kidogo, panda tena, mpaka kwenye nukta. Ukiteremka upande wa kulia fanya ngazi zisizolingana, moja fupi, moja ndefu, moja iliyoinama. Usizipange kama meno ya msumeno. Msumeno una meno sawa, mwamba hauna. Ukiondoka kwenye miamba lainisha tena mstari, ushuke mpaka utoke kwenye ukingo wa kulia, sentimita 11 hivi kutoka chini.

Ukimaliza, futa nukta na vipimo vyako. Umbo limekamilika.

Migongo, mabonde na mwanga

Mlima wenye mstari wa nje peke yake ni kama shati lililopigwa pasi, hauna mwili. Kutoka chini ya chungu cha Kibo vuta mistari sita au saba hafifu inayoshuka na kutanuka, kama mikunjo ya kanga iliyoshikwa juu na kuachiwa chini. Ile ya katikati ishuke karibu wima, ya kushoto ielekee kushoto, ya kulia ielekee kulia. Mingine iishie njiani. Hii ndiyo migongo, na kati yake ni mabonde ya mito inayokuja kunywesha Moshi.

Tumesema ni asubuhi, kwa hiyo jua liko mashariki, mkono wa kulia. Huhitaji kulichora. Litaonekana kwa kazi yake: upande wa kulia wa kila mgongo uachwe mweupe, upande wa kushoto uwekewe kivuli. Laza penseli ya 2B ubavu na usugue taratibu kwa kufuata mteremko, usikate mistari ya kulala. Kivuli kizito zaidi kiwe ubavuni mwa Mawenzi, upande wake wa kushoto, maana kule ni mwamba mtupu. Ukiwa na mtoto mdogo mwambie hivi: jua linapaka upande huu, upande ule limeusahau.

Usisugue kwa kidole. Watoto huipenda njia hiyo kwa sababu inalainisha haraka, lakini mafuta ya ngozi hubaki kwenye karatasi na rangi haishiki vizuri juu yake. Tumia kipande cha tishu.

Theluji

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akisafiri kutoka Mombasa, aliona juu ya mlima kitu cheupe akadhani ni wingu. Alimuuliza kiongozi wake, naye akamjibu kwa neno moja: baridi. Rebmann akaandika kwamba ni theluji, na huko London akatokea mtaalamu wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hajawahi kukanyaga huku, akakataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Aliyetazama aliona, aliyekaa mezani alikataa. Nawasimulia watoto kisa hiki kila tunapofika hapa, kwa sababu theluji ndipo mahali ambapo mkono hukataa kuamini macho.

Mkono unataka kuchora kofia yenye zigizaga chini. Theluji ya Kibo haikai hivyo. Upande wa kusini, ule tunaouona sisi, barafu hushuka kwa ndimi, mabamba marefu yanayoteremka kwenye makorongo huku mwamba mweusi ukichungulia katikati yake. Chora ndimi nne au tano, moja ndefu kuliko zote, nyingine fupi, na kati yake acha mwamba. Ndimi ndefu zisishuke chini ya sentimita 14 kutoka chini ya karatasi.

Na usiweke nyingi. Kuanzia mwaka 1912 mlima umepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake. Picha za zamani zina weupe mwingi, na mtu akiiga kutoka kwenye hizo anachora Kilimanjaro cha babu yake. Mawenzi nayo haina barafu ya kudumu kabisa. Ikinyesha usiku utaiona imevaa unga mweupe asubuhi, na kabla ya adhuhuri umeisha. Mimi kila nikifika kwenye ndimi hizi mkono wangu hupunguza mwendo. Watoto ninaowafundisha huenda wakawa wa mwisho kuzichora kwa kutazama.

Theluji haipakwi, inaachwa. Weka alama ya mipaka yake kwa HB hafifu, kisha usiiguse tena. Kinachoifanya ing'ae ni weusi wa mwamba ulio kando yake, kwa hiyo koleza mwamba. Upande wa kushoto wa kila ulimi pitisha bluu nyepesi mno, mara moja tu.

Rangi, kutoka nyuma kuja mbele

Kanuni moja itakusaidia kuliko nyingine zote: kitu kikiwa mbali, rangi yake hupauka na kuingia ubuluu. Kati yako na mlima kuna kilomita 30 za hewa, vumbi na mvuke. Msitu ulio kwenye mteremko ni wa kijani kama mti ulio uani kwako, lakini kijani hicho hakikufikii kikiwa kizima. Ukipaka mlima kijani kilekile ulichopaka nyasi, mlima utasogea mbele na kusimama uani.

Anza na anga. Bluu, juu kabisa ikolee, kadiri unavyoteremka ipauke, na ikikaribia mgongo wa mlima ibaki karibu nyeupe. Paka kwa mistari mifupi ya kulala, usibonyeze. Watoto wa miaka mitano hadi minane mara nyingi huweka anga kama ukanda wa bluu juu ya karatasi na kuacha nafasi tupu katikati. Usiwakaripie. Kwao anga ni kitu kilicho juu ya kichwa. Mpeleke nje, muulize kama anaona pengo kati ya anga na mlima, kisha mwache aamue mwenyewe.

Kilimanjaro wenyewe una mikanda, na mikanda hiyo ndiyo inayoupa rangi. Chini kabisa, mpaka mita 1,800 hivi, ni mashamba ya migomba na kahawa. Kutoka hapo mpaka karibu mita 2,800 ni msitu mzito. Juu yake, mpaka mita 4,000, ni vichaka na nyasi ngumu. Kisha jangwa la mawe mpaka mita 5,000, halafu mwamba na barafu. Kwa kipimo cha karatasi yetu, kutoka chini: sentimita 9 hadi 10 ni mashamba, 10 hadi 11 na kidogo ni msitu, kutoka hapo hadi karibu 13 ni vichaka, kisha mawe.

Mashamba yape kijani yenye njano ndani yake. Msitu upe kijani iliyoiva, kisha pitisha bluu juu yake mpaka isijulikane vizuri ni kijani au bluu. Vichaka viwe kahawia hafifu yenye kijani cha mbali. Mawe yawe kijivu, na mahali pa kivuli ongeza zambarau. Zambarau kwenye mlima huwashtua watu, lakini itazame Mawenzi saa 1 asubuhi uniambie ni rangi gani nyingine. Mipaka ya mikanda isiwe mistari. Acha rangi moja iingie ndani ya nyingine kama maziwa yanavyoingia kwenye chai.

Paka mara tatu kwa mkono mwepesi kuliko mara moja kwa nguvu. Ukibonyeza, nta ya penseli hujaza vinyweleo vya karatasi na rangi ya pili huteleza juu yake.

Mchoro huu hauna mstari mweusi wa kuzunguka vitu. Wapo wachoraji waliotumia rangi bapa na mistari iliyokolea kwa ustadi mkubwa. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kazi hiyo Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya mbao za hardboard, aliacha mtindo unaoendelea mpaka leo, na mara nyingi ndani yake utauona mlima nyuma ya twiga. Ule ni mtindo kamili, unafaa kujifunza siku yake. Hapa tunatafuta umbali, na mstari mweusi huua umbali.

Wingu la kiunoni

Hata asubuhi safi, mara nyingi wingu jembamba hukaa kwenye kiuno cha mlima, juu ya msitu. Kama ulipanga mapema, acha ukanda usiopakwa kati ya sentimita 11 na 12, wenye ukingo wa juu uliovimba kama pamba na ukingo wa chini ulionyooka. Kama ulisahau, chonga raba yako pembe na ufute polepole, ingawa penseli za rangi hazifutiki zote na wingu litabaki na ukungu wa kijani. Haidhuru, mawingu ya huku yanakuwa hivyo pia. Usilizungushie mstari.

Mbele ya macho

Sehemu iliyo chini ya mstari wa sentimita 9 ndiyo inayomwambia mtazamaji amesimama wapi. Chagua vitu viwili, visizidi. Mimi hupendekeza mgomba mmoja mkubwa upande wa kushoto na nyumba ndogo ya bati kwa mbali upande wa kulia.

Mgomba unastahili subira. Shina lake ni magamba yaliyokumbatiana, kwa hiyo vuta mistari michache ya wima, isiyonyooka sana, na chini kabisa weka magamba makavu ya kahawia yaliyojikunja. Jani ni mshipa mmoja mnene uliopinda kama ufito wa kuvulia samaki, unaanza wima kisha unainama kwa uzito wake. Pembeni yake jani lenyewe halikai zima. Upepo umelichana kuanzia ukingoni kuelekea mshipani, na kila kipande kinaning'inia kivyake, kimoja kimegeuka kikaonyesha tumbo lake lililopauka. Chora jani zima kwanza, kisha likate kwa mipasuko mitano au sita isiyolingana, na baadhi ya vipande vipinde chini. Jani changa la katikati liache likiwa limejiviringa na kusimama wima kama mkuki. Majani sita yanatosha. Moja kati yake lipite mbele ya mlima, likate hata bega la Shira, na ghafla mlima utarudi nyuma kilomita zote zile.

Hapa ndipo unapotumia rangi kwa nguvu zote. Kijani iliyoiva, njano pale jua linapopiga kulia, kahawia ya udongo chini. Nyumba iwe ndogo, isizidi sentimita moja na nusu, bati lake liwe na mstari mmoja mweupe wa mng'ao. Ukipenda mgunga badala ya mgomba, kumbuka kwamba kichwa chake ni bapa kama mwavuli uliofunguliwa, si mpira.

Kwa wadogo zaidi

Mtoto wa miaka minne au mitano hawezi kupima sentimita, na hana haja. Mpe magazeti ya zamani na karatasi za rangi achane kwa mikono, bila mkasi. Kipande kirefu cha bluu iliyopauka kiwe mlima, kirefu cha kijani kilichoiva kiwe msitu, kingine cha kijani mbichi kiwe shamba. Vigundishwe kimoja juu ya kingine kwa gundi ya unga, kuanzia juu kushuka chini. Ukingo uliochanika wa karatasi nyeupe hufanana na theluji kuliko chochote nitakachoweza kuwafundisha.

Wa miaka sita hadi minane hufurahia rangi za maji na mshumaa. Chora umbo kwa penseli, kisha sugua mshumaa mweupe pale penye barafu na penye wingu, kwa nguvu. Mpe brashi na rangi ya maji iliyochanganywa nyepesi, apake mlima mzima bila kukwepa chochote. Nta hukataa maji, na theluji hujitokeza yenyewe chini ya brashi yake. Subirini anga likauke kabla ya kupaka mlima, la sivyo bluu itatiririka mpaka Mawenzi.

Kuanzia miaka tisa wanaweza kupima na kufuata hatua zote, na mchoro huchukua kama saa mbili. Ugawe kwa siku mbili: umbo na vivuli leo, rangi kesho. Mtoto aliyechoka hubonyeza.

Mchoro ukiisha, nyuma yake aandike jina, tarehe, mahali aliposimama na saa. "Moshi, saa 1 na robo asubuhi." Wiki ijayo achore tena jioni, jua likiwa kushoto na vivuli vimehamia upande wa pili, aziweke karatasi mbili kando kwa kando.

Yule mtoto wa kibarazani alimaliza umbo la mlima wake siku ileile, kabla hata sijatunga vipimo hivi vya sentimita. Alikuwa ametambaa na Shira kuelekea kushoto mpaka penseli ikagonga meza. Akanyoosha mkono bila kuinua macho: "Mwalimu, naomba karatasi nyingine niunganishe hapa. Bado haujaisha."